Mzizi Usimfikie Baba

Gamgol, 12 Aprili 1993

Dada Ok-hwa,

Salamu tele zikufikie huko Ujerumani uliko. Mimi mzima, mke wangu mzima, watoto wazima na viatu vimeshawabana tena. Mama naye mzima kabisa. Najua kwa namna anavyobamiza vyombo jikoni. Wasiwasi ni kwako na huo mgongo wako. Bado wanakunyanyulisha wagonjwa wanene? Waambie watafute wanaume wa kazi hiyo.

Habari ya kwanza ni njema. Tangu mgodi ufungwe nilikuwa nazurura tu, asubuhi namsalimia huyu, mchana namsalimia tena yule yule. Sasa nimepata kazi. Bwana misitu wa wilaya, anaitwa Pyo, amenipa usimamizi wa kupanda miti kwenye kile kilima cha kifusi cha makaa kilicho juu ya nyumba yetu. Mwaka jana mvua ilimega kipande chake kikaingia kwa jirani yetu Mama Chun-bae, mpaka kwenye mitungi yake ya kimchi, kabichi yote ya kuchachusha. Hakufa mtu, ila mitungi iliyovunjika bado anaililia. Wilaya ikasema kilima kifunikwe kwa miti kabla hakijatufunika sisi.

Habari ya pili ndiyo iliyonikalisha kitako nikuandikie. Mama hasemi nami.

Miti tuliyoletewa ni akasia, kwa sababu kwenye kifusi kile cheusi hakuna mti mwingine unaokubali. Nawe unajua akasia inavyochukiwa kwetu. Wazee wanasema mzizi wake hunusa kaburi toka mbali, ukaingia, ukaikumbatia mifupa, na marehemu akikosa usingizi basi watoto wake hawaachi kuumwa vichwa. Na kilima kile kwa mama si kifusi. Tangu shimo namba tatu lilipoanguka mwaka wa sabini na tisa, kampuni ikaziba mdomo wake kwa zege huku baba na wenzake wakiwa ndani, mama hana kaburi lingine la kwenda. Siku ya Chakula Baridi, watu wakienda kutia viraka vya nyasi kwenye makaburi ya wazee wao, yeye hupanda kilimani na pombe ya mchele na samaki mkavu, akaliinamia lile zege.

Mwaka huu alipofika alikuta miche yetu imelizunguka zege pande zote. Aling'oa yote aliyoweza, akaifunga mafungu mafungu, akaniletea mlangoni. "Chukua mboga zako," akasema. Tangu hapo nasikia vyombo tu.

Niandikie upesi, dada. Yeye hajui kusoma, na barua zako ni mimi ninayemsomea. Hapo hana budi kunisikiliza.

Mdogo wako,
Gi-seop


Duisburg, 2 Mei 1993

Mdogo wangu Gi-seop,

Nimeipata barua yako nikiwa natoka zamu, nikaisoma kwenye ngazi na koti mwilini. Mimi sijambo. Mgongo upo, unauma kwa adabu. Nashukuru kusikia mko salama, na hongera kwa kazi, ingawa hongera yenyewe ina walakini.

Kipande hiki usimsomee mama. We mtoto una akili kweli? Miti yote duniani, ukaenda kuchukua akasia ukamzungushia baba? Mimi huku nimekula viazi miaka ishirini na bado nakumbuka mjomba alivyoacha kusema na mtu kwa sababu ya akasia moja iliyoota mpakani mwa kaburi la babu. Najua utaniambia baba yuko chini kuliko mzizi wowote unavyoweza kwenda. Mama naye anajua. Usimpelekee hesabu za mita. Mita hazimsaidii mtu ambaye hakuonyeshwa mumewe akaambiwa huyu hapa, mlilie.

Kuanzia hapa msomee, kwa sauti, wala usiruke neno:

Mama, shikamoo. Ni mimi Ok-hwa. Nimesikia ya kilimani. Una haki ya kukasirika, lakini hata Mama Chun-bae ana haki ya kulala bila kifusi kumgongea mlango. Fanyeni hivi: pale kwenye zege na juu yake, mpaka kileleni, pawe pako. Weka nyasi kama kaburi la heshima. Kwingine mwachie Gi-seop apande anachoweza. Na mkwe wako akikupikia, kula. Tumbo halina ugomvi na mtu.

Dada yako,
Ok-hwa


Gamgol, 27 Juni 1993

Dada,

Salamu. Sisi wazima, mvua bado, joto limeanza. Tunakuombea uzima.

Barua yako nilimsomea. Alinipa kisogo akawa anamenya vitunguu saumu. Nilipofika pale "ni mimi Ok-hwa" kisu kikasimama. Nilipomaliza akamwambia mke wangu, nami nimekaa hapo hapo, "Mwambie huyo karani ashike kalamu." Nikashika. Haya ni maneno yake, sijaongeza wala sijapunguza:

"Ok-hwa mwanangu, marahaba. Nimekula. Anayeandika hapa ni karani tu, simjui, labda katumwa na wilaya. Ulilosema nimelikubali kwa sababu umelisema wewe. Lakini nataka ujue kitu. Baba yako alipobaki chini, kampuni ilituita sisi wajane ikatupa kazi ya kuchambua makaa. Tulisimama kwenye mkanda, makaa yanapita, tunatoa mawe. Mawe hayo yakapelekwa wapi? Yakamwagwa pale pale juu ya shimo. Mimi na Mama Chun-bae na wenzetu, miaka yote ile, jiwe kwa jiwe. Watu wanaona taka. Mimi nimemwinulia mume wangu tuta la kaburi kwa mikono hii, tena kubwa kuliko la wafalme. Halafu mwanawe wa kumzaa analipandia akasia! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu lenyewe namwombea liwe moja tu, ana watoto wa kulisha. Karani anatoa sauti puani. Karani, andika."

Hapo akamwambia karani inatosha, akunje karatasi.

Sasa mimi. Tumegawana kama ulivyosema. Yeye na wajane wenzake wanakata vipande vya nyasi na udongo wake kwenye kingo za mashamba ya mpunga, wanavipandisha mgongoni kwa matenga, wanavipanga kilimani kama vigae. Nimewaambia vijana wangu wawasaidie, wakafukuzwa. Pembezoni nilijaribu misonobari, maana msonobari haugombani na makaburi. Kifusi kinawaka jua likipiga, ukikanyaga na raba unahisi. Yote imegeuka rangi ya kutu. Akasia imesimama tu, haina habari.

Jambo moja linanikera. Bwana Pyo kaitazama sehemu ya mama akatikisa kichwa. Anasema ule mteremko ni mkali, na nyasi zile zimelazwa tu juu ya mawe, hazijashika popote. Nimemwambia kwa sasa tuache. Nimepata amani nusu, siwezi kuirudisha dukani.

Mdogo wako,
Gi-seop


Gamgol, 6 Oktoba 1993

Dada,

Natumai u mzima. Mimi mwili mzima.

Miti imefyekwa. Yote.

Ilikuwa siku chache kabla ya Sikukuu ya Mavuno. Watoto wa marehemu wa shimo namba tatu wamezoea kupita zegeni, wakainama mara moja na kuondoka, maana hapakuwa na cha kufyeka. Mwaka huu walikuta nyasi za mama zimeota vizuri. Wakashangaa, wakafurahi, kumbe sasa na sisi tuna kaburi! Chun-bae alikuja toka Seoul na mashine ya kufyekea aliyoiazima kwa bosi wake. Wengine na mundu. Wakafyeka nyasi za juu ya zege mpaka zikawa kama kichwa cha askari. Wakaona pembeni kuna vichaka vinavyofika kiunoni. Mtoto gani ataacha vichaka kwenye kaburi la baba yake? Wakaendelea. Kutoka zegeni mpaka barabarani, miche ya msimu mzima, jasho la watu wote niliowaajiri, wakaiweka chini kwa nusu siku huku wakiimba.

Mimi nilikuwa mjini kununua vitu vya sikukuu. Niliporudi walinikimbilia kunikumbatia. "Kaka Gi-seop, tazama! Tumewasafisha wazee!" Ungewaambia nini? Walikuwa wamelowa jasho na nyuso zinang'aa.

Lakini mama alikuwepo, dada. Alikuwa pale chini anawagawia pombe. Alijua kichaka ni nini na mche ni nini. Nilimwuliza mbele ya watu, "Mama, hukuweza kusema?" Ndipo akanijibu, neno lake la kwanza kwangu tangu majira ya kuchipua: "Watoto wanamfyekea baba yao. Nikataze?"

Mkaguzi wa mkoa anakuja Novemba. Sina cha kumwonyesha.

Gi-seop


Duisburg, 1 Novemba 1993

Mdogo wangu,

Natumai barua hii inakukuta salama, na hasira zimepoa kidogo. Hukuandika "mdogo wako" juu ya jina. Nimeliona hilo.

Niliposoma pale pa Chun-bae na mashine nilicheka, nisamehe, halafu nikalia kwenye chumba cha dawa, mwenzangu akadhani mgonjwa kafa. Wewe umeonewa. Sitaki kuizungushazungusha.

Msomee mama haya. Ukiogopa, mpe mkeo asome.

Mama, shikamoo. Safari hii sikubaliani nawe. Gi-seop hakupanda ili amuudhi baba. Alipanda kwa sababu nyumba mnayolala iko chini ya kilima kile, na wewe ndiwe unayelala chumba cha nyuma. Baba alipokuwa hai alikuwa anapiga mbao za kushikilia dari la shimo, ndiyo ilikuwa kazi yake, kuzuia vitu visiwaangukie watu. Mwanawe anafanya kazi ile ile. Ukimfyeka huyu umemfyeka na yule.

Basi. Nimesema, na ukitaka kuninunia mimi pia, ninunie, niko mbali.

Dada yako,
Ok-hwa


Gamgol, 22 Mei 1994

Dada Ok-hwa,

Salamu za majira mapya. Samahani kwa kimya cha miezi yote hii. Tu wazima. Wewe je?

Kimya kilikuwa cha aibu. Mkaguzi alikuja, akakuta kilima kimenyolewa, akaandika kwamba kazi haikufanyika. Nilisimamishwa. Majira ya baridi yote nilipakua magunia sokoni Taebaek, na mgongo wangu sasa tunaweza kuuozesha kwa wako. Mama nilimsomea barua yako mwenyewe. Siku ile alibamiza vyombo kwa upole.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita Bwana Pyo alinipigia honi mlangoni, hata hakushuka garini. "Panda kilimani ukaone vituko." Nikapanda. Kila kisiki cha akasia alichokata Chun-bae kimetoa machipukizi mapya. Tena si kisikini tu. Mzizi umetembea chini ya mawe ukachomoza hapa, ukachomoza pale. Palipokuwa na mche mmoja sasa kuna kundi zima, na miiba juu. Bwana Pyo alicheka mpaka akashika tumbo. Anasema kama angejua angewaalika hao vijana toka mwanzo, na chakula cha mchana angewapa.

Kazi nimerudishiwa. Mama aliona machipukizi akiwa anaenda kwenye nyasi zake. Alirudi akakaa barazani. Akaniambia mimi, si karani wala ukuta, mimi: "Ule mti wako hauna haya." Nikamjibu, "Hauna, mama." Akasema, "Umefanana na mtu." Halafu akaniuliza kama kichwa kinaniuma siku hizi. Nilikuwa nimelewa jana yake na kilikuwa kinaniuma vibaya mno. Nikasema hakiniumi hata kidogo.

Mdogo wako,
Gi-seop


Gamgol, 30 Agosti 1995

Dada,

Kabla ya lolote: sote tu hai na hakuna aliyeumia. Usisome mbele mpaka umeliamini hilo.

Mvua ya mwezi huu haikuwa mvua, ilikuwa ndoo. Mchana mmoja nilikuwa uani nazibua mfereji, nikasikia kilima kinaguna. Nikainua macho, nikaona nyasi za mama zinatembea. Nakuambia nilichoona. Zilitelemka nzima nzima kama mkeka unaovutwa na mtu, kijani kibichi, nzuri kabisa, na chini yake uji mweusi. Zikapita juu ya zege zikalifunika. Nilipiga kelele. Mama alikuwa chumba cha nyuma anakunja nguo.

Kifusi kilikuja mpaka kwenye ile mistari yangu ya akasia chini ya zege, kikaingia katikati ya miti, kikapoteza nguvu, kikasimama. Miti mingine imelala, imefunikwa shingoni, lakini imeshikilia. Kilichofika kwetu ni maji machafu na magogo mawili. Ukuta wa jiko una ufa. Mama alitoka na shati langu mkononi akauliza kelele za nini.

Mvua ilipokatika alitaka kupanda. Nikamkatalia, akapanda, nikamfuata. Pale ambapo kipande kimemeguka, ukingo wake umebaki wazi, na mizizi ya akasia imening'inia nje, imesukana yenyewe kwa yenyewe. Mama akashika mmoja akauvuta. Akauvuta tena kwa mikono miwili, haukutoka. Akaniuliza, "Huu unaenda wapi?"

Nikasema, "Unaenda pembeni, mama. Unatafuta mwenzake, wanashikana."

"Hauendi chini?"

"Kidogo tu."

Nilidhani atafurahi. Miaka miwili na ushee ya ugomvi, sasa kaona kwa macho yake kwamba mzizi hauna habari na baba. Akakaa kwenye matope na sketi yake safi, akalia, dada. Hata mwaka ule wa sabini na tisa sikumwona akilia vile. Akasema, "Kwa hiyo hakuna kinachomfikia. Hata hiki nilichokuwa nakiogopa, hakimfikii."

Nilikaa naye tu, matope yakaniingia mimi pia.

Mdogo wako,
Gi-seop


Duisburg, 17 Septemba 1995

Mdogo wangu,

Mshukuru kila anayestahili kushukuriwa, na hiyo akasia nayo.

Likizo yangu ya mwaka huu imekwisha. Nimeomba ya mwakani, nimeiombea Siku ya Chakula Baridi, niwe nyumbani. Sijawahi kumwinamia baba pale. Mwambie mama nakuja, na mwambie simtaki jikoni, nitapika mimi. Atakataa. Mwache akatae.

Vipi kifua chake? Juzi uliponipigia simu nilimsikia nyuma yako anakohoa, na kikohozi kile nakijua, wodi yangu imejaa wachimbaji.

Dada yako,
Ok-hwa


Gamgol, 11 Februari 1996

Dada,

Salamu. Watoto wazima. Kuhusu mama sitakuficha: kikohozi ulikitambua sawasawa. Daktari wa Taebaek anasema ni vumbi la makaa, la miaka ile ya kuchambua. Ananyanyuka, anakula kidogo, anatoa amri nyingi. Jana aliniita akasema, "Karani yuko wapi?" Nikaleta kalamu. Alikuwa amelala sakafuni, upande ule unaopashwa moto kwa chini, macho juu.

"Ok-hwa mwanangu, marahaba hata kabla hujanisalimia. Sikiliza na usinikatize, na wewe unayeandika usivute kamasi kwenye karatasi.

"Nikifa msinipeleke kwenye mlima wa ukoo wa Eom. Kule wamelala wakwe zangu na hawakunipenda. Nichomeni. Ndiyo, najua, watu watasema. Baba yenu hakupata sanda, mimi nizikwe kwa fahari ya nini? Majivu yangu yapelekeni kilimani, pale paliporomoka, juu ya zege. Mchimbe shimo la kupandia, kama yale anayochimba Gi-seop kila siku, mnitie humo, na juu yangu mpande akasia.

"Miaka yote hii nimempelekea yule mwanamume pombe, samaki, maneno, na yote yameishia kwenye zege. Niliogopa mzizi utamsumbua. Sasa nimeuona, ni mvivu, unaenda pembeni. Basi uanzie kwangu. Hauijui njia, nitauonyesha. Ukichelewa, mimi sina haraka tena.

"Na Sikukuu ya Mavuno mtu asije na mundu wala na hiyo takataka ya Chun-bae yenye kelele. Mimi nisifyekwe. Nyie watoto wangu mkiona nimeota vichaka mjue nimependa.

"Gi-seop mwanangu, umeandika? Soma nisikie."

Nikamsomea. Pale pa jina langu sauti iligoma. Akasema, "Karani mbovu huyu," akafumba macho.

Usingoje Chakula Baridi.

Mdogo wako,
Gi-seop


Duisburg, 19 Februari 1996

Mdogo wangu,

Nimekata tiketi. Nafika Seoul Jumamosi, nitapanda treni ya makaa ile ile ya zamani kama bado ipo. Barua hii huenda nikaitangulia. Mwambie asubiri. Mwambie ni amri ya muuguzi.

Ok-hwa, dada yako


Gamgol, 2 Oktoba 1996

Dada Ok-hwa,

Salamu nyingi. Natumai baridi ya huko haijaanza kukutafuna. Sisi wazima. Mke wangu bado anapika ile supu ya viazi uliyomfundisha, na watoto bado wanaikataa.

Nina habari za kukupa. Ule mche ulioupanda juu ya mama kwa mkono wako umeshika. Kiangazi ulipata majani, sasa unanifika kifuani. Barua ya wilaya ilikuja kuuliza kama ni kweli kuna mtu amezikwa kwenye ardhi ya ukarabati. Nikajibu kwamba tumepanda mti. Bwana Pyo akaja, akautazama mche, akatazama pombe ya mchele iliyomwagwa pembeni yake, akasaini kwamba ni mti. Kabla hajaondoka akauinamia.

Mei wafuga nyuki walileta mizinga yao hapa, mara ya kwanza tangu nizaliwe, maana akasia za chini zimechanua. Nimekuwekea chupa ya asali. Nitaituma na mtu, kwenye posta itavunjika.

Sasa Sikukuu ya Mavuno. Niliamka mapema nikasimama chini ya kilima kama mlinzi. Wakaja wote. Chun-bae sasa ana mashine yake mwenyewe, nyekundu, na amevaa mpaka miwani ya kukingia macho. Nikawazuia. Nikawaambia mwaka huu hakuna kufyeka, ni wosia wa mama.

Chun-bae akavua miwani. "Kaka Gi-seop, kaburi gani lisilofyekwa? Watu watasema wazee hawa hawana watoto."

"Waseme."

"Na baba yangu je? Mama yako kajisemea yeye. Baba yangu hakusema chochote."

Hapo alinipata, dada. Aliyejibu ni Mama Chun-bae mwenyewe, na fimbo yake, anahema. Akamwambia mwanawe, "Baba yako kafa shimoni kwenye joto, hana hata tundu la hewa. Ukate hayo majani halafu umpe nini, jua?" Chun-bae akaizima mashine. Ilikuwa haijawashwa vizuri hata hivyo.

Wakabaki wamesimama na miundu mkononi, watu wazima wametoka mbali, wamejiandaa kufanya kazi na kazi haipo. Mmoja akaniuliza, "Sasa tufanye nini?" Nikatazama huku na huku. Miti ya chini imeshawapita watu vichwa. Nyuma yake kifusi hakionekani.

Nikawaambia, "Kaeni."

Wakatandika mikeka wakakaa. Tukamwaga pombe, tukala vitumbua vya mchele, watoto wakachomwa na miiba wakalia. Tulikaa mpaka jioni, na hakuna aliyehamisha mkeka, kwa sababu kivuli kilitutosha sote.

Mdogo wako,
Gi-seop